Mchangiaji Anayerudi

Leo nakuomba usogeze kiti karibu na redio, maana nina jambo linalouhusu mkono wako, ule ambao mshipa wake unaonekana vizuri.

Juni imeingia. Kwa mwanafunzi huu ni mwezi wa kufunga shule na kurudi nyumbani. Kwa mhudumu wa benki ya damu ni mwezi wa kukuna kichwa, kwa sababu kwa miaka mingi damu ya nchi hii imetegemea sana vijana wa sekondari na vyuo waliotimiza miaka 18. Shule zikifungwa, gari la Mpango wa Taifa wa Damu Salama halina tena mahali pa kusimama likapata foleni ya watu asubuhi moja. Lakini wagonjwa hawana likizo. Mama anatokwa damu baada ya kujifungua, mtoto mdogo anafikishwa wodini malaria imemmaliza damu, kijana mwenye siko seli anahitaji kuongezewa, majeruhi wa ajali anashushwa kwenye machela. Wote hao wanasubiri kitu ambacho hakuna kiwanda duniani kinachokitengeneza.

Halafu tarehe 14 tutaadhimisha Siku ya Wachangia Damu Duniani. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa heshima ya Karl Landsteiner, aliyezaliwa Austria, Juni 14, 1868. Mwaka 1901 alionyesha kwamba damu za watu zina makundi yanayotofautiana, na tangu hapo kumwongezea mgonjwa damu kukaanza kuacha kuwa bahati nasibu. Siku hiyo utaona maturubai, fulana, muziki, na viongozi wakipigwa picha wakiwa wamelala kitandani. Sina ugomvi na sherehe. Ugomvi wangu ni na tarehe 15.

Sikiliza hesabu hii. Chupa ya chembe nyekundu, katika mifuko inayotumika sehemu nyingi, ikiwekwa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 hudumu siku 35. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku 5 tu. Kwa hiyo damu ya Juni 14 haimfikii mgonjwa wa Agosti. Kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani limekuwa likikitumia ni angalau chupa 10 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7, maana yake tunahitaji chupa laki sita na zaidi kila mwaka. Idadi inatisha, lakini igawanye. Mtu mmoja akichangia mara tatu kwa mwaka, wanahitajika watu laki mbili na kidogo. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000. Basi ni kama mashabiki wa Simba na Yanga waujaze uwanja ule mara tatu na ushee. Hao wangetosha kuibeba nchi nzima, mradi wawe watu wa kurudi.

Na hapo ndipo penye neno langu la leo. Mchangiaji harudishwi na fulana. Anarudishwa na namna alivyojisikia siku ile na wiki zilizofuata. Aliyezimia mbele ya wenzake, au aliyekaa wiki nzima akihema kila akipanda ngazi, harudi, na hadithi yake itawazuia wengine ambao hawajawahi hata kujaribu. Ukichunguza, mara nyingi chanzo ni maji ambayo hakunywa, chai ya asubuhi aliyoiruka, au haraka aliyoinuka nayo kitandani. Kwa hiyo maandalizi kabla ya kuchangia, na matunzo baada yake, ndiyo yanayoamua kama kutakuwa na damu Agosti.

Tuanze na kabla.

Kwanza jiulize kama unafaa. Mchangiaji awe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na wingi wa damu usiopungua gramu 12.5 kwa desilita. Hizo kilo 50 zina sababu. Mwili wa mtu mzima hubeba takribani mililita 70 za damu kwa kila kilo. Mwenye kilo 70 ana kama lita 5, na mwenye kilo 50 ana lita 3 na nusu. Kituoni huchukuliwa mililita 450. Kwa yule wa kwanza ni chini ya sehemu moja ya kumi ya damu yake. Kwa wa pili ni karibu asilimia 13, na chini ya kilo hizo mwili unaanza kulemewa. Kwa hiyo binti mwembamba akirudishwa kwenye mizani, asidhani amedharauliwa. Mjamzito naye asubiri, na anayenyonyesha asubiri. Mwenye homa, anayemeza dawa za malaria, aliyeng'oa jino juzi, aseme ukweli mapokezini, na mhudumu atampa tarehe ya kurudi.

Pili, chakula. Wapo wanaokwenda na tumbo tupu wakidhani kwamba ni kama kupima sukari. Hapana. Kunywa chai yako, kula mihogo, chapati, uji wa ulezi, chochote ulichozoea, saa mbili tatu kabla ya kwenda. Ila supu ya kongoro ambayo mafuta yanaelea juu, au chipsi zilizotoka kuzama kwenye karai, ziache mpaka baadaye. Mafuta mengi huingia kwenye damu na kuifanya ile sehemu ya majimaji iwe na ukungu mweupe, na hilo linaweza kuvuruga vipimo vya maabara. Utakuwa umetoa damu yako, kisha isitumike kwa sababu ya bakuli moja la supu.

Tatu, maji. Hili nalisisitiza kuliko yote, hasa kwa wenzangu wa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, ambako mtu anatoa jasho akiwa amekaa tu kivulini. Kunywa maji ya kutosha tangu jana yake, na ikibaki kama nusu saa kabla ya kulala kitandani, kunywa nusu lita kwa mpigo. Utafiti umeonyesha kwamba maji hayo hupunguza kizunguzungu na kuzirai, kwa kuwa yanausaidia mwili kushikilia presha wakati damu inapotoka. Nusu lita ya maji ni dawa rahisi kuliko zote nilizowahi kuzitaja hapa redioni.

Nne, usingizi. Mlinzi aliyetoka lindo saa kumi na mbili asubuhi, muuguzi aliyemaliza zamu ya usiku, dereva aliyefika na basi alfajiri, wote hawa nia yao ni njema lakini waende nyumbani wakalale kwanza. Aliyekunywa pombe usiku kucha naye asubiri siku nyingine. Na anayefunga Ramadhani asichangie mchana akiwa hajala wala kunywa. Ama achangie kabla ya mwezi kuandama, ama aende usiku baada ya kufuturu na kunywa vya kutosha, kama kituo cha kwake kinafungua saa hizo.

Vaa nguo ambayo mkono wake unapanda juu ya kiwiko bila kubana. Kisha nenda.

Kituoni utaandikishwa, utapimwa uzito na presha, na utachomwa kidole. Sehemu nyingine tone lako litawekwa kwenye kimashine kidogo. Sehemu nyingine litadondoshwa kwenye maji ya rangi ya buluu, ambayo ni mrututu uliopimwa uzito wake kwa makini. Tone likizama, damu inatosha. Likielea, bado. Usibishane na tone hilo. Ukiambiwa damu yako haijatosha, wewe ndiye umesaidiwa siku hiyo, kwa sababu umejua jambo ambalo huenda hukulijua. Nenda zahanati ukatafutiwe chanzo.

Kuna fomu ya maswali, na baadhi ya maswali ni ya chumbani. Yajibu kwa kweli. Damu yote hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Lakini kila kipimo kina siku zake za mwanzo za maambukizi ambapo hakioni kitu. Katika siku hizo ni wewe peke yako unayejua ulikuwa wapi na nani. Kama unataka kujua hali yako ya UKIMWI, kupima ni bure katika vituo vya afya. Usiigeuze benki ya damu kuwa mahali pa kujipimia, maana mwisho wa chupa ile kuna mtoto wa mtu.

Kitandani ni kama dakika 10. Sindano ni mpya, hutumika mara moja na kutupwa. Ni nene kuliko ya kudunga dawa, sikufichi, na inauma inapoingia. Ukijiona mtu wa wasiwasi, fanya hivi: kaza misuli ya mapaja na makalio kwa sekunde chache, legeza, kaza tena. Kazi hiyo huirudisha damu juu kichwani. Ongea na aliye jirani. Masikio yakianza kuvuma, jasho jembamba likitoka, macho yakiingia kiza, sema hapohapo. Usijikaze kiume. Mhudumu atakulaza kichwa chini miguu juu, na dakika chache baadaye utakuwa sawa.

Sasa tuje kwenye baada, sehemu ambayo watu wengi wanaipuuza.

Sindano ikitoka, bonyeza pamba kwa nguvu na uuache mkono umenyooka. Tumezoea kuukunja kiwiko, na kukunja ndiko kunakouacha mshipa uvujie ndani ya nyama, kesho yake ukaamka na doa la buluu. Likitokea, weka kitambaa cha maji baridi siku ya kwanza na uliache. Litageuka kijani, litageuka manjano, litaondoka ndani ya wiki moja au mbili. Lakini mkono ukivimba na kuzidi, ukifa ganzi, au maumivu yakikimbia mpaka vidoleni, rudi kituoni au nenda hospitali.

Kaa pale kwenye viti vya mapumziko dakika 15. Soda na biskuti ulizopewa zina kazi, na kazi yake haifanyiki ukiziweka mfukoni kumpelekea mtoto. Wanaozimia si wote wanaozimia kitandani. Wengine huanguka wakiwa wamesimama kwenye foleni ya daladala au chooni, kwa sababu walinyanyuka mwili haujajipanga. Siku nzima iliyobaki ongeza maji, na weka chakula chenye chumvi ya kawaida. Pombe iache kwa saa 24. Sigara isubiri angalau saa mbili.

Na kazi? Hapa nazungumza na wale ambao redio hii inawasindikiza wakiwa kazini. Mkwezi wa minazi, usipande siku hiyo. Fundi, usiingie kwenye jukwaa la ghorofa. Mpiga mbizi, baki nchi kavu. Mbeba mizigo wa Kariakoo, mkono uliochomwa usibebe gunia mpaka kesho. Dereva wa bodaboda, wa basi, wa lori, chagua siku yako ya mapumziko, au changia jioni ukiwa umekwisha kuegesha. Anayekaa ofisini anaweza kurudi mezani kwake, taratibu.

Baada ya siku ya kwanza, mwili unaendelea na kazi ambayo huioni. Majimaji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, ndiyo maana watu wengi kesho yake hujiona wazima kabisa. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa, kwa kawaida nne hadi nane. Figo zikihisi chembe zimepungua, hupeleka homoni kwenye uboho wa mifupa ili zitengenezwe nyingine. Zikitimia, homoni inapungua na kazi inarudi kasi yake ya kawaida. Kwa hiyo ile habari inayozunguka mitaani, kwamba ukichangia mara moja damu itakuwa inazidi na usipoendelea utaugua, haina ukweli. Mwili unajua mahali pa kusimama.

Kinachochelewa kurudi ni madini ya chuma. Chupa moja huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma. Kwa kawaida utumbo hufyonza miligramu moja au mbili tu kwa siku, na huongeza kidogo akiba inapopungua. Piga hesabu mwenyewe uone kwa nini mwanaume anaambiwa asubiri miezi mitatu, na mwanamke, ambaye kila mwezi hupoteza nyingine kwenye hedhi, asubiri minne. Aliyerudi kabla ya muda anachota kwenye akiba ambayo haijajaa, na huyo ndiye anayelalamika kwamba kuchangia kumemchosha.

Akiba hiyo inajazwa jikoni. Maini na nyama nyekundu vina chuma ambacho mwili unakishika kwa urahisi. Dagaa wamo. Maharage, kunde, choroko, mchicha na matembele vina chuma pia, ila hicho kinahitaji msaada. Kamulia ndimu juu ya mboga, au kula chungwa au embe baada ya mlo, vitamini C itakisaidia kuingia mwilini. Kinachokizuia ni kile kikombe tunachokipenda. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula hukishikilia chuma tumboni kisipite. Sikwambii uache chai, nani angenisikiliza? Nakwambia uitenge na mlo, saa moja mbele au saa moja nyuma.

Na hii imani ya vitu vyekundu. Juisi ya rozela, juisi ya bitiruti, soda iliyochanganywa na maziwa, vyote vinauzwa mitaani kwa jina la kuongeza damu. Rozela na bitiruti ni vinywaji vizuri, vinyweni. Lakini wekundu wa glasi si wekundu wa damu, na sahani ya maharage na dagaa inaishinda nguvu glasi hiyo, hata kama haina rangi ya kupendeza. Vidonge vya kuongeza damu navyo vipo, ila umeze baada ya kupimwa na kuandikiwa, na uvifiche watoto wasivifikie, kwa sababu mtoto akimeza vingi vinaweza kumuua.

Msikilizaji, nimesema mengi kuhusu wajibu wa mchangiaji. Nina maneno pia kwa waandaaji. Umewahi kuona zoezi limetangazwa saa mbili asubuhi, watu wamefika saa mbili, wakakalishwa juani mpaka saa tano wakimsubiri mgeni rasmi? Waliokunywa chai alfajiri sasa wana njaa, maji waliyokunywa yametoka kwa jasho, na hotuba bado inaendelea. Kisha wawili watatu wakizirai tunasema vijana wa siku hizi ni dhaifu. Waandaaji, wachangiaji watangulie kitandani, hotuba ifuate. Pawe na maji ya kunywa mlangoni, siyo baada ya sindano tu. Pawe na kivuli na mahali pa kujilaza. Na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi, kisha mtu apigiwe simu ikifika. Mgeni rasmi mwenyewe, kama kweli anataka kuonyesha mfano, apigwe picha mara ya pili Septemba.

Damu haiuzwi katika nchi hii na mchangiaji halipwi, na iwe hivyo. Lakini asiyelipwa ana haki ya kutunzwa.

Wazee mnaonisikiliza mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Walisikia pamoja, wakatenda pamoja. Hata kuchangia damu kunapendeza kwa namna hiyo. Kijiwe cha bodaboda, kikundi cha VICOBA, kwaya, madrasa, wafanyakazi wa ofisi moja, msiende mmoja mmoja. Nendeni wawili watatu, mkumbushane kunywa maji, asindikizwe anayeogopa, aangaliwe anayerudi nyumbani. Vituo vya kanda vipo Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, Tabora, Mbeya, Mtwara na Dodoma, na hospitali kubwa zilizo karibu nawe zinapokea. Walio Unguja na Pemba wanayo benki yao ya damu.

Wanafunzi wamefunga shule. Zamu ni yetu watu wazima. Nenda umeshiba, umelala, umekunywa maji, kisha kaa zile dakika 15 na ule dagaa wako. Na kabla hujazima redio, chukua kalamu. Ukichangia Juni 14, mwanaume, utaruhusiwa tena kuanzia Septemba 14. Mwanamke, kuanzia Oktoba 14, Siku ya Mwalimu Nyerere, ambayo huwezi kuisahau. Iandike tarehe yako sasa hivi, na ikifika, urudi.